Walimfunga mikono mdogo wangu kiziwi: uzoefu wangu wa wiki mbili wodini

Nyota moja. Hasira hii ninayo tangu mvua za masika. Nilikuwa najiambia ngoja ipoe ndipo niandike, nisije nikamwonea mtu. Haijapoa, kwa hiyo naandika ikiwa hivi hivi.

Hospitali siitaji. Ni kubwa, iko hapa Dar es Salaam, vipimo inavyo, na madaktari wake wanaijua kazi. Hilo nitalieleza chini kwa sababu ni haki yao. Bei ya kitanda na bima gani inapokelewa utaambiwa dirishani, usinisumbue mimi. Mimi nimekuja kueleza usiku mmoja.

Mdogo wangu ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, akapona, masikio hayakupona. Amesoma Buguruni, shule ya viziwi. Sasa ni fundi seremala, ana wateja wake, ana maisha yake, na tukiongea kwa video mikono yake inakimbia mpaka namwomba apunguze mwendo. Jina lake la alama, yaani ishara tunayomwitia, ni kidole kugusa nyusi ya kushoto, pale penye kovu la utotoni. Nataka msomaji ajue hilo mapema: huyu si mtu asiyeongea. Anaongea sana kuliko mimi.

Alianza na homa, akanunua dawa duka la dawa, homa ikawa inakwenda inarudi. Baada ya kama wiki mbili tumbo likakaza likawa kama ubao, akatapika, akashindwa hata kukaa kwenye bajaji. Taifodi ilikuwa imetoboa utumbo. Kwa mtu asiyejua: utumbo ukitoboka uchafu unamwagika tumboni, na hapo hakuna kidonge, ni kisu, tena haraka.

Mapokezi yalinikera lakini nayapitia upesi. Majina yanaitwa kwa sauti, mgonjwa anaitika. Kiziwi aliyekuja peke yake angekaa kwenye lile benchi mpaka azimie. Mimi nilikuwepo.

Daktari wa upasuaji, Mungu ambariki. Nilipoanza kujibu maswali alinyoosha kiganja akaniambia, "Dada, samahani, muulize yeye, kisha uniambie alichosema yeye." Akashusha barakoa, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama penye mwanga. Fomu ya kukubali upasuaji aliigeuza, akachora utumbo kwa kalamu, akaweka tundu, akaonyesha atakata wapi na atashona wapi. Mdogo wangu akauliza kama atakufa. Nikatafsiri, na sauti ilinikatika. Daktari akamwangalia yeye machoni, akasema, "Inawezekana, lakini tukisubiri ni hakika." Mdogo wangu akachukua kalamu, akasaini mwenyewe. Katika miaka yote niliyompeleka kliniki na hospitali sikuwahi kuona daktari akifanya vile. Kila mara fomu huwa naletewa mimi, kana kwamba yeye ni mzigo nilioubeba.

Kwa saa ile moja ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Akatoka thieta salama, akakaa chumba cha uangalizi siku mbili, akaletwa wodi ya wanaume ya upasuaji. Puani mpira, tumboni mpira wa kutoa uchafu, kwenye kibofu mpira wa mkojo, mkononi dripu. Na kanula, ile sindano ya dripu inayobaki mshipani, walikuwa wameiweka mkono wa kulia. Nikamwambia sista wa zamu kwamba mdogo wangu anatumia mkono wa kulia kuongea, naomba ikihamishwa iwekwe kushoto. Akanijibu, "Mkono ni mkono." Nikanyamaza. Mgonjwa akiwa kitandani kwao, ndugu unajifunza kumeza mengi.

Wodi ya wanaume, mwanamke halali. Huo utaratibu naujua na naukubali, wanaume wengine wamelala pale nusu uchi. Mjomba angeweza kulala, lakini kwanza alikataliwa, na hata angeruhusiwa, alama hajui. Kwa hiyo jioni ile kabla ya kufukuzwa na kengele nilifanya nilichoweza. Nikabandika karatasi ukutani juu ya kichwa chake, herufi kubwa: MGONJWA NI KIZIWI. MGUSE BEGA. WASHA TAA. Nikamwachia tochi ndogo mkononi. Nikamwendea sista aliyekuwa anaingia usiku, nikamweleza taratibu, kwa heshima zote, kwamba gizani huyu haoni mikono yako wala wewe huoni yake, kwa hiyo ukimwendea washa mwanga. Akasema, "Tumekusikia, nenda tu, mama." Nikaenda.

Asubuhi saa 12 kasoro nilikuwa getini. Mlinzi akafungua, nikapanda ngazi mbio na chupa ya chai mkononi, wakati mgonjwa mwenyewe hata maji alikuwa hajaruhusiwa. Nikamkuta amefungwa. Mikono yote miwili, kwa bandeji, kila mmoja kwenye chuma cha kitanda. Karatasi yangu haipo ukutani. Tochi baadaye niliikuta kwenye droo.

Macho yake yalikuwa mekundu. Aliponiona aliinua nyusi, akazishusha, akaziinua tena. Katika lugha ya alama uso nao unaongea, nyusi zikipanda hivyo ni swali. Alikuwa ananiuliza kitu kwa kiungo pekee alichobakiziwa.

"Sista, kwa nini amefungwa?"

"Huyu bubu wenu katusumbua usiku kucha. Anavuta mipira. Kachanganyikiwa."

Hakuinua uso. Alikuwa anaandika.

Sikuomba ruhusa. Mafundo yalikuwa yamekaza, nikatumia meno kwenye lile la kulia. Vidole vilikuwa vimevimba, hasa mkono wenye kanula. Nikavisugua. Na jambo la kwanza alilosema, kabla ya kunisalimia, kabla ya kulia: mkojo. Mkojo hautoki. Nimewaambia. Nimewaambia. Nimewaambia.

Nikafunua shuka. Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja lake, ameulalia. Mfuko ulikuwa na kiasi kile kile nilichokiacha jioni. Kulikuwa na binti mwanafunzi wa uuguzi, sare yake bado mpya, ndiye aliyekuja kunisaidia kumwinua mguu na kuunyoosha mpira. Mkojo ukaanza kushuka mbele ya macho yetu, ukashuka, ukashuka, na mdogo wangu akafumba macho, na mwili wote uliokuwa umekaza tangu nilipoingia ukalegea kitandani.

Hakuchanganyikiwa. Kibofu kilikuwa kinataka kupasuka, na aliushika ule mpira ili kuwaonyesha mahali penye tatizo. Wao wakaona mkono unaokwenda kwenye mpira, wakaufunga.

Hapa ndipo ninapotaka mtu anielewe vizuri. Ukimfunga mikono mgonjwa anayesikia, bado anaweza kupiga kelele. Ataita sista, ataita mama, wagonjwa wenzake watamsaidia kuita. Kiziwi ukimfunga mikono umemziba mdomo. Kisha ukazima taa. Mdogo wangu alilala gizani, na jeraha la kuanzia juu ya kitovu mpaka chini yake, kibofu kimejaa, mdomo umezibwa, na hajui ni kwa muda gani wala kwa kosa gani. Mzee wa kitanda cha jirani aliniambia alimwona akigonga chuma kwa kisigino, muda mrefu, mpaka akachoka.

Nikae chini sasa niseme na upande wao, maana nimejiahidi kutomwonea mtu. Wauguzi usiku ule walikuwa wawili kwa wodi nzima, na wagonjwa wengine walilala kwenye magodoro chini. Kitanda cha karibu na mlango alifariki mtu. Najua pia kwamba mgonjwa aliyeshonwa utumbo akiung'oa mpira wa pua ni hatari. Kama daktari angeandika afungwe kwa saa fulani, aangaliwe kila baada ya muda fulani, ningelia lakini ningeelewa. Niliomba nionyeshwe kilichoandikwa kwenye faili. Kulikuwa na maneno mawili: "mgonjwa hatulii." Kwa nini hatulii, hakuna. Kwamba amefungwa, hakuna. Nani kaamua, hakuna.

Kwa hali ngumu ile nilikuwa tayari kusema nyota mbili. Lakini kufunua shuka ni kazi ya sekunde tano! Kuangalia mfuko wa mkojo ni kazi ya kila zamu, kwa mgonjwa yeyote, awe anasikia au hasikii. Kwa hiyo hapana, tusisingizie uchache wa watu. Kufunga mafundo yale mawili kulichukua muda zaidi ya kunyoosha mpira.

Nikaenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi. Akanisikiliza, hilo nalikubali. Akaniuliza kwa nini hatukumwandikia tu kwenye karatasi. Swali hili nimeulizwa maisha yangu yote, acha nilijibu hapa. Kiswahili kwa mdogo wangu ni lugha ya pili. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, haiendi neno kwa neno na Kiswahili, na viziwi wengi husoma kwa shida kwa sababu ya jinsi walivyofundishwa. Tena uandike kwa mkono gani, ule wenye kanula au ule uliofungwa?

Akasema basi tulete mkalimani wetu. Nikamwambia Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Ibara ya 25 ya ule mkataba inasema mwenye ulemavu apewe huduma ya ubora ule ule, kwa ridhaa yake mwenyewe baada ya kuelezwa. Akatazama dirishani. Akasema hospitali haina mkalimani hata mmoja na hana fungu la kumwajiri. Hakuwa anadanganya, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenijibu vibaya.

Kuanzia siku ile nikaruhusiwa kukaa mpaka saa 3 usiku, na mjomba akaruhusiwa kulala na tochi yake. Kanula ikahamia kushoto. Yule mwanafunzi wa uuguzi akaja mwenyewe na daftari, akataka nimfundishe. Tukaanza na tano: maumivu, maji, mkojo, subiri, nakuja. Ile "nakuja" niliichagua makusudi, maana mtu asiyesikia hatua za miguu koridoni hajui kama kuna anayekuja. Baada ya siku nne alikuwa anamuuliza mdogo wangu maumivu ni vidole vingapi kati ya kumi, na anajibiwa. Kidonda kilipoanza kutoa usaha ni yeye aliyekuwa wa kwanza kujua, kwa sababu ni yeye aliyeuliza. Mtoto wa miaka kama ishirini, asiyelipwa chochote.

Kwa ajili yake nilifuta nyota moja nikaandika tatu. Nilikuwa nimeshaziandika kwenye simu.

Siku ya kutoka, yule sista wa usiku ule akapita kitandani. Nadhani metroni alimwambia. Akasimama miguuni pa kitanda, akaniambia, "Mwambie samahani." Nikamwambia, "Dada yangu, mwambie mwenyewe, alama ni hii, ni ya sekunde mbili." Nikamwonyesha mara mbili. Mdogo wangu alikuwa ameketi, anamwangalia, anasubiri. Sista akaangalia saa yake, akasema ana dripu ya kubadilisha, akaondoka.

Nikarudisha nyota moja.

Wanaouliza kama nawashauri wampeleke ndugu yao pale: kwa upasuaji, mpelekeni, nasema kwa moyo mweupe, mdogo wangu yu hai na leo asubuhi amepiga randa kwa mara ya kwanza. Lakini usimwache usiku bila mtu. Kama huruhusiwi, ng'ang'ania hata kwa metroni kabla giza halijaingia, usingoje asubuhi kama mimi. Na mkono anaoongea nao uwe huru, msisitize hilo kabla sindano haijachomwa.

Jana nilimweleza mdogo wangu kwamba naandika haya na kwamba watu hutoa nyota mpaka tano, nikamwomba atoe zake. Kwa daktari wa upasuaji alifungua kiganja chote. Kwa mwanafunzi alifungua kiganja, kisha na cha pili. Kwa usiku hakuonyesha kidole. Aliilaza mikono yake miwili huku na huku kwenye kiti, pale ambapo pangekuwa na vyuma vya kitanda, akaiacha hapo, akaniangalia.

Jumatano tunarudi kliniki kuangaliwa kidonda. Nimeshaandika karatasi nyingine.