Santuri za Ella Fitzgerald: tazama tundu kabla ya jalada

"Wifi, huyo mama amelewa?"

Ilikuwa Jumapili jioni, tumekaa sebuleni na chai ya tangawizi, Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, anaimba nyimbo za mtunzi Cole Porter kwenye santuri. Nilitaka kumjibu vibaya mke wa kaka yangu, nikajizuia, nikatega sikio. Kweli bwana. Kila noti ndefu ilikuwa inapanda kidogo, inashuka, inapanda tena, kama kanga kambani. Na huyu ndiye Ella ambaye mwalimu wetu wa kwaya humtaja kila mara sisi wa sauti ya pili tukitoka nje ya kii! Nikainuka kwenda kuangalia mashine. Mkono wa sindano ulikuwa unacheza kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ella alikuwa mzima. Tundu la santuri ndilo halikuwa katikati.

Santuri yenyewe ilikuwa mpya, nailoni nimeichana kwa mkono wangu. Euro 38 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni huko Ulaya, gharama za kusafirisha mbali.

Kwa hiyo sitakuchosha na habari za mikwaruzo wala majalada yaliyochakaa, hayo hata mtoto anayaona kwenye picha. Wala usibabaishwe na stika ya "gramu 180", yaani uzito wa santuri. Santuri nzito yenye tundu la pembeni ni santuri mbovu iliyo nzito. Kasoro ninayoisema mimi haionekani kwenye picha, na sijaona muuzaji anayeiandika.

Iko hivi. Santuri ya kasi ya 33 humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Tundu likihama nusu milimita tu, katika kila mzunguko mistari inapita chini ya sindano haraka kidogo, halafu polepole kidogo, na sauti inafuata. Mwanzo wa upande, kule ukingoni, tofauti ni kama theluthi moja ya asilimia. Ukifika wimbo wa mwisho, karibu na lebo ya katikati, duara limekuwa dogo, na nusu milimita ileile inazaa asilimia 0.8 juu na 0.8 chini. Kwenye kinanda, kutoka kitufe cheupe hadi cheusi cha jirani ni kama asilimia 6. Utasema 0.8 ni kitu gani? Kwa ngoma na kelele za tarumbeta, si kitu. Kwa mwanamke anayeiweka noti mahali pake na kuishikilia hapo, ni kumvunjia heshima.

Namna ya kuikagua ni rahisi. Weka sindano, chuchumaa macho yawe sawa na santuri, tazama mkono. Ukienda ndani taratibu bila kuyumba, lipa. Ukiyumba mara moja kila mzunguko, mrudishie mwenyewe. Kwa muuzaji wa mbali, mwombe video ya sekunde kumi ya wimbo wa mwisho wa upande. Akikataa kukutumia, umeshapata jibu.

Sasa tupange.

Ya kwanza kwangu bado ni hiyohiyo ya nyimbo za Cole Porter, ya 1956, pamoja na yote yaliyonikuta. Ella alikuwa na miaka 38, ametoka kampuni ya rekodi ya Decca alikokaa miaka 20, na meneja wake Norman Granz ameanzisha kampuni yake, Verve. Hii ndiyo kazi ya kwanza aliyomfanyia huko: nyimbo 32, santuri mbili, muziki umepangwa na Buddy Bregman, kijana wa miaka 25. Ukimjua Ella kwa ule uimbaji wake wa kuchezea sauti bila maneno, hapa utashangaa. Anaimba maneno kama yalivyoandikwa, wazi, silabi kwa silabi, hana haraka. Ndiyo maana tundu bovu linamuumiza hapa kuliko kwingine. Na jambo jingine: ilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ya njia moja. Ukiona nakala imeandikwa stirio, yaani njia mbili, hiyo stirio imepikwa baadaye, iache ilipo.

Mimi ni mtu wa Verve, sifichi. Tena Verve ya zamani ya Marekani. Soma maandishi madogo ya chini kwenye lebo: pakiwa na "Verve Records, Inc." umeshika chapa ya kabla ya MGM, wale wa filamu, kuinunua kampuni mwishoni mwa 1960. Pakitajwa MGM, ni ya baadaye. Ninazo nne za maandishi yale ya kwanza na hakuna hata moja inayoyumba. Huo si utafiti, ni kabati langu, lakini pesa ni zangu na masikio ni yangu.

Ya pili ni *Ella and Louis*, ya mwaka uleule wa 1956, akiwa na Louis Armstrong, nyuma yao Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis gitaa, Ray Brown besi na Buddy Rich ngoma. Nyimbo 11, santuri moja, waliirekodi siku moja. Kwa anayeanza ningesema aanzie hapa. Na hapa tundu linasamehewa kidogo, maana koo la Louis lina changarawe za kutosha, na sauti yake ikiyumba utadhani ni yeye mwenyewe. Tatizo linarudi zamu ya Ella ikifika.

Gershwin ya 1959, yaani nyimbo za ndugu wawili George na Ira Gershwin, naiweka ya tatu kwa sababu ya mfuko, si kwa sababu ya muziki. Kwa muziki, hasa ule upangaji wa Nelson Riddle, huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Ira Gershwin alisema hakujua nyimbo zao ni nzuri kiasi gani mpaka alipomsikia Ella akiziimba. Lakini ni nyimbo 53 kwenye santuri tano. Yaani mashimo matano, kila moja na bahati yake. Kuna mtu aliniuzia seti ambayo nne zilikuwa safi, na ya tano, nadhani umeshajua. Seti hii inunue kwa mtu unayeweza kukaa sebuleni kwake nusu saa.

Kabla ya hiyo aliwahi kuwaimba Gershwin mwaka 1950, huko Decca, yeye na piano ya Ellis Larkins peke yake. Nyimbo nane. Nikiwa peke yangu usiku, naisikiliza hii. Lakini piano ni shahidi asiyehongeka: noti yake haina mtetemo wa kujifichia, na santuri ikiyumba inalia kama mashine ya kutengeneza barafu. Hii nunua CD, inaitwa *Pure Ella*, imeunganishwa na ya 1954 waliyofanya wawili hao. Kicheza CD kinapima kasi chenyewe, hakijali tundu.

*Ella in Berlin* ya 1960 unaweza kuichukua hata ikiwa na kasoro ndogo. Ni jukwaani, muziki unakimbia, na katika "Mack the Knife" anasahau maneno, anatunga mengine papo hapo, na hadhira inampenda zaidi. Santuri zake za nyimbo za Duke Ellington, Irving Berlin, Harold Arlen na watunzi wengine, subiri umalize hizo.

Za bei rahisi? Kule Ulaya rekodi zililindwa na hakimiliki miaka 50. Sheria ilipoongezwa kufika 70 mwaka 2013, zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikurudishwa. Kwa hiyo za hadi 1962 anaweza kuzichapa mtu yeyote, na mara nyingi hana hata utepe wa asili uliorekodiwa studio. Ukikuta kwa bei ya chakula cha mchana, nunua jalada ulitundike.

Nilimwandikia yule muuzaji wa euro 38, na video nikamtumia. Akajibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya vinili, ina uhai wake. Uhai! Nikamwomba aniambie mbona santuri iliyochapwa mwaka 1956 haina uhai huo. Akanipa ofa ya kunirudishia asilimia 10 nikimwekea nyota tano. Kumrudishia mzigo kungenigharimu karibu nusu ya bei, na hilo analijua, ndilo analolitegemea. Wiki mbili baadaye nakuta bei imepanda hadi euro 44, maelezo yameongezwa neno "toleo la wapenzi wa kweli".

Nyota nimempa moja. Na video nimeiweka chini yake.