Crémant de Loire brut: ya kamba na pweza, siyo ya keki

Niseme mapema: kama unatafuta chupa ya MC kuitikisa ukumbini ili kina mama wapige vigelegele, siyo hii. Kwa kazi hiyo chukua ile tamu ya bei ndogo, hata ikiishia sakafuni haitakuuma. Hii ni crémant, yaani mvinyo wa gesi, na ni ya kunywa, tena na chakula.

Inatoka bonde la mto Loire, Ufaransa, na zabibu inayotamba huko ni Chenin Blanc. Kuitwa shampeni haiwezi, jina hilo ni la mkoa wa Champagne peke yake. Ila gesi yake inapatikana kwa njia ile ile: mvinyo unachachuka mara ya pili ndani ya chupa, kisha unalazwa na masalia ya hamira yake. Crémant zote zinatakiwa zilale hivyo angalau miezi 9. Mimi niliinunua Masaki, Dar es Salaam, kwa chini ya nusu ya bei ya shampeni iliyokuwa rafu hiyo hiyo. Duka sitalitaja, maana walikuwa wamezipanga dirishani, jua la saa nane linazipiga. Niliwaomba wanitolee ya stoo.

Neno la kuangalia kwenye lebo ni brut. Maana yake sukari haizidi gramu 12 kwa lita, wakati soda ya kawaida ina kama 100. Ukikuta demi-sec, hiyo ni gramu 32 hadi 50, ya watu wa utamu.

Puani inaanza na tufaha la kijani na ganda la limau, halafu kwa mbali mkate. Viputo ni vidogo, havichomi. Mdomoni ni kali, inakausha ulimi, na mara unajikuta unatafuta cha kutafuna. Shemeji yangu alipiga funda moja akakunja uso: "Dada, hawa wamesahau sukari?" Nikamsogezea sahani ya kamba wa soko la samaki la Feri, wamekaangwa na kitunguu saumu, wamekamuliwa ndimu. Hakuuliza tena, glasi ikaisha. Pweza wa kuchoma naye alikwenda vizuri, na korosho za chumvi pia. Pilipili ipunguzeni tu, gesi inaichochea. Mama mkwe alionja kidogo akarudi kwenye juisi yake ya ukwaju, na hakuna aliyembembeleza.

Keki ndiyo inayoiharibu. Ile sukari ya juu ikishakaa ulimini, funda linalofuata linakuwa chachu tupu, halafu lawama anabebeshwa Mfaransa.

Kwa joto letu, kupooza ndiyo kazi yenyewe. Inatakiwa nyuzi 6 hadi 10. Friza usiiamini, chupa ikisahaulika humo inapasuka. Chukua ndoo, weka barafu, kisha jaza maji hadi shingoni mwa chupa. Nusu saa inatosha. Wahudumu wengi huweka barafu tupu, chupa inapoa upande mmoja tu. Ikiwa vuguvugu, nusu yake itatoka povu.

Kufungua: kidole gumba kisitoke juu ya kizibo tangu unapolegeza waya, maana kikiruka kinaweza kumtoa mtu jicho. Funika kwa taulo, inamisha chupa, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa yenyewe. Kitoke kwa pumzi ndogo. Ule mlio wa bunduki ni gesi uliyoilipia inayopotea. Mimina kidogo, subiri povu litulie, ndipo uongeze. Glasi iwe nyembamba mdomoni, na isuuzwe vizuri, maana mabaki ya sabuni ya vyombo huua viputo.

Ikibaki, kijiko mdomoni mwa chupa hakisaidii kitu. Malizeni usiku huo huo, chupa ya mililita 750 ni glasi sita tu. Desemba shemeji ameahidi kuleta kamba wa watu kumi, kwa hiyo nachukua mbili, za stoo.