Mgahawa wa Posta unaojua kuhudumia meza yenye rika tofauti

Mgahawa huu mdogo uko kwenye uchochoro wa nyuma ya majengo ya ofisi, eneo la Posta, Dar es Salaam, na ingawa chakula chake ni kizuri, kilichonifanya niuandikie ni namna wahudumu wake wanavyowasalimu na kuwaita wateja. Mimi ni mhasibu niliyekwisha kuvuka miaka 55, umri ambao mtumishi wa umma wa Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na wenzangu wa idara, akiwemo mkuu wetu, wana umri wa wanangu.

Aliye katika hali hiyo anajua kwamba kinachomtenga na wenzake si dharau. Shikamoo ya asubuhi naipokea kwa moyo mkunjufu na nisingependa iachwe. Lakini baada ya marahaba yangu utani hukatika, sauti hushuka, na mtu huambiwa "mzee, wewe pumzika, tutafanya sisi" mara nyingi kiasi kwamba hata kazi anayoimudu kuliko wote huanza kumpita pembeni.

Migahawa mingi huliongeza jambo hili bila kukusudia. Mhudumu hukuondoa katikati ya wenzako akakuketisha peke yako mwisho wa meza, hukuletea sahani yako huku wengine wakisubiri, kisha bili huiweka mbele yako bila kuuliza, kana kwamba mwenye mvi ndiye mwenye mfuko. Mwenzetu mmoja wa kike, ambaye hajafika hata miaka 40, huitwa "mama" mahali ambapo mwanamume wa rika lake anaitwa "kaka", na naona wazi kwamba jambo hilo humuumiza.

Hapa mambo ni tofauti. Mhudumu husimama, hunipa shikamoo yangu, husubiri nimwitikie, kisha huwageukia wenzangu na kuwauliza habari za kazi. Tangu hapo huzungumza na meza nzima, na huanza kuchukua oda kwa yeyote aliye karibu naye. Yule mwenzetu huitwa "dada". Wakati wa kulipa huuliza kama tunalipa pamoja au kila mtu na yake, kisha hutaja lipa namba, na hivyo siku moja mkuu wetu aliweza kunilipia bila mtu yeyote kuona haya. Mazungumzo hayakatiki. Vijana hunisimulia mambo ambayo ofisini wasingenisimulia, nami huwauliza kuhusu mfumo mpya wa hesabu, nao hunielekeza palepale mezani.

Nilikua katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambapo waziri na tarishi wote waliitwa "ndugu". Siwaombi vijana wa leo waniite hivyo, kwa kuwa salamu inayotambua umri ina utu wake. Ninachokithamini hapa ni kwamba umri hutambuliwa mara moja, kwa dhati, kisha mtu huachwa ale na wenzake.

Kuhusu chakula, wali wa nazi kwa changu wa kukaanga, pamoja na mchicha na maharage, ni shilingi 6,000, na samaki huja akiwa wa moto. Ugali huchelewa. Feni ni moja tu, na anayekaa mbali nayo hutoka amelowa jasho. Yupo pia mhudumu mgeni anayeniita "mzee" kila baada ya maneno mawili na kuinamisha kichwa kila anapopita. Ni kijana mwenye adabu, na ningemwomba mwenye mgahawa amweke kwa muda pamoja na wahudumu wa zamani ili ajifunze kwao.

Wanaokuja kwa kundi wafike kabla ya saa saba, hasa Ijumaa, kwa sababu pilau huisha mapema na meza hazishikiwi mtu.