Chokaa ya shambani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wengi wetu Dar es Salaam tuna ka-shamba mahali. Kuna wa Mkuranga na Kisarawe, na kuna wanaotuma hela ya mbolea nyumbani Njombe au Kasulu. Malalamiko yanafanana: mbolea ya DAP imewekwa, mvua imenyesha, lakini mahindi yamedumaa na majani yamepiga rangi ya zambarau. Mara nyingi kisa ni tindikali. pH ya udongo (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kubwa) ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosforasi iliyomo kwenye hiyo DAP, uliyoinunua kwa bei kubwa, nayo hushikwa na udongo, mmea usiipate. Unamwaga pesa ardhini.

Dawa yake ni chokaa. Shida ni kwamba ukiuliza "chokaa" Kariakoo, unaweza kupewa kitu chochote kati ya vinne au vitano.

Ila usinunue kabla ya kupima. Karibu na bahari, ambako chini kuna mawe ya matumbawe, udongo unaweza kuwa na chokaa yake ya kutosha, na ukiongeza nyingine mimea inakosa chuma na zinki. Chota udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka maabara. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, wanapima. Waombe wakuambie mahitaji ya chokaa, si pH peke yake: udongo wa mfinyanzi na wa kichanga wenye pH ileile hauli chokaa sawa, mfinyanzi unakula nyingi zaidi.

Namba moja kwangu ni dolomaiti iliyosagwa laini. Inapunguza tindikali na inaleta kalsiamu pamoja na magnesiamu, na kichanga cha ukanda wetu, kinachooshwa na mvua kila masika, huwa kimepungukiwa na zote mbili. Majibu ya maabara yakionyesha magnesiamu ipo ya kutosha, basi chukua namba mbili: chokaa ya kilimo ya kawaida, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hiyo nayo ni nzuri na haiunguzi mmea.

Kwa hizi mbili, ubora wa mzigo uko kwenye ulaini wake, na hapa ndipo nawasihi mkae makini. Mimi niliuziwa mifuko kumi kwenye duka moja, nikaimwaga yote, na msimu wa pili nikifukua nakuta vipunje vyeupe vilevile kama nilivyoviweka. Chenga zinazozidi milimita mbili hazifanyi kazi ya maana hata baada ya miaka. Siku hizi nabeba chujio la chai la wavu mwembamba. Namwomba muuzaji kikombe kimoja nichekeche. Sehemu kubwa ikibaki juu, naondoka. Nabeba na siki kidogo: unga wa mawe ya chokaa ukidondoshewa siki hutoa mapovu hapohapo, dolomaiti hutoa machache na taratibu. Usipoona povu lolote, uliza vizuri unauziwa nini.

Namba tatu ni jivu la kuni, kwa bustani ya nyumbani tu. Mama lishe wa mtaani atakupa bure, na lina potasi ndani yake. Nguvu yake ni ndogo kuliko chokaa na haitabiriki, kwa hiyo tuta la mchicha sawa, ekari hapana.

Namba nne ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ile ya kupaka kuta inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ina nguvu: kilo 74 zake zikiwa safi zinafanya kazi ya kilo 100 za mawe yaliyosagwa. Inafanya kazi haraka, lakini inaunguza miche na ngozi, na ni rahisi kuzidisha. Ukilazimika kuitumia, vaa glavu, funika pua na macho, kisha subiri wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Ya mwisho ni chokaa hai, ambayo haijazimwa. Kilo 56 tu zinatosha mahali pa zile 100, lakini ikikutana na maji hutoa joto kali. Mwenye watoto nyumbani asiiweke stoo.

Jasi siihesabu kabisa. Ina kalsiamu, lakini haipandishi pH, hata muuzaji akiapa.

Maabara wakikuambia tani mbili kwa hekta, hiyo ni takriban mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, au gramu 200 kwa kila mita ya mraba ya bustani. Usafiri unaweza kula kuliko chokaa yenyewe, kwa hiyo mjichange majirani, mkodi Fuso moja. Kwa mashamba ya huku Pwani, nunueni Desemba, mchanganye na udongo mwanzoni mwa Januari, ili masika ikifika Machi chokaa iwe imeshafanya kazi. Msiimwage pamoja na yurea au samadi mbichi, kwa sababu naitrojeni itapaa hewani. Na mwenye mananasi asiguse chokaa bila kupima. Nanasi linapenda tindikali.