Kidude kidogo tu kimeniharibia bastola

Sijawahi andika hizi mambo za kusifu ama kuponda kitu nimenunua lakini hii imenikaa kooni. Mimi nina leseni, nilikaguliwa mpaka basi, nikangoja bodi ya leseni za silaha miezi mingi, halafu nikaingia duka moja hapa tao nikalipa pesa ya kununua ng'ombe wa maziwa kwa bastola ya milimita tisa.

Juzi juzi niko reinji, pale pa kufanyia mazoezi ya shabaha, hata boksi la tatu la risasi sijamaliza, ganda la risasi iliyopigwa likakataa kutoka. Nikadhani ni risasi mbovu. Nikasafisha, nikajaza tena, ikarudia. Fundi akaifungua akanionyesha kile kidude kinachovuta ganda, kadogo kama ukucha, kimekatika mdomo, na ukimulika na tochi pale kilipokatika unaona vitundu vitundu kama vya mkate!

Akaniambia zamani hicho kipande kilichongwa kwa chuma kizima, kazi ya mashine na muda, siku hizi wengi wanachukua unga wa chuma wanachanganya na kitu cha kuushikanisha, wanasukuma kwa moldi, wanachoma kwa tanuru. Ikifanywa vizuri haina shida, hata kampuni kubwa wanatumia. Yangu haikufanywa vizuri.

Nikarudi dukani. Yule kijana wa kaunta, salamu hakuna, ananiambia, "Mzee, shukuru ulipata bei ya zamani, Wamarekani wamemaliza stoki." Kwani nimeuliza bei? Najua 2020 walinunua vibaya sana, FBI yao ilifanya ukaguzi wa watu wanaotaka bunduki karibu mara milioni 40 mwaka huo mmoja na risasi za tisa zikaadimika, sawa, bei ikipanda naelewa, na sisi huku hatuna pa kukimbilia maana kile kiwanda cha silaha cha Ruiru kilichofunguliwa 2021 kinatengenezea vyombo vya usalama sio raia. Lakini mbona bei ipande na chuma kishuke? Fremu yenyewe ni plastiki, tangu kampuni ya bastola ya Glock ionyeshe miaka ya 80 kwamba plastiki inavumilia kila mtu amefuata, na hiyo nafuu mimi sijaiona kwa risiti. Wazee waliowinda hapa kabla ya marufuku ya 1977 wanaijua hii hadithi, kampuni ya Winchester walibadilisha Model 70, bunduki yao ya kuwindia, 1964 kupunguza gharama na mpaka leo watu wanaongeza pesa kupata ya kabla ya 64.

Nilitaka kusema msinunue kabisa. Ila fundi alipata kipande kingine cha kuchongwa, akaweka, na wallahi sasa inapiga vizuri, inashikika vizuri, kwa shabaha sina neno. Kwa hivyo ni bastola nzuri? Hapana, mimi nimeilipia mara mbili! Na hii si simu, hiki ni kitu unategemea usiku mtu akivunja mlango na watoto wamelala.

Bastola nimebaki nayo. Hilo duka sirudi, hata kununua mafuta ya kusafishia, mpaka yule kijana aniambie pole.