Kalenda ya Mezani Yenye Jambo Jipya Kila Siku

Nimeitumia kalenda hii kwa miezi mitatu, na kila asubuhi naichana karatasi moja kwa shauku ileile. Kurasa zake za anga za juu ndizo bora kuliko zote. Ukurasa unaohusu Voyager 1, chombo kilichorushwa Septemba 5, 1977 kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, unaeleza kwamba ndani yake mna salamu za lugha 55, zikiwemo za Kiganda, Kisotho na Kinyanja, ilhali Kiswahili hakimo. Niliposoma hayo nilisikitika kwa dhati, nikauhifadhi ukurasa ule.

Upande wa sanaa, wizi wa Mona Lisa umesimuliwa vizuri: picha iliibwa Louvre mwaka 1911, na watu wakafurika kutazama ukuta mtupu uliobaki, hadi ilipopatikana Florence miaka miwili baadaye. Historia imeguswa kwa haraka mno.

Michezo ya maneno inapendeza, hasa ule unaouliza ni neno gani lililo juu ya nyumba, linalokimbia porini, linaloruka angani na linalofanywa kwa magamba ya samaki. Jibu ni «paa», nami nilihitaji nusu saa kulipata.

Kasoro yake ni gundi: karatasi za mwezi wa pili zilibanduka zote kwa pamoja, ikanibidi nizifunge kwa kibanio. Hata hivyo, nitainunua tena mwakani.