Waya wa nyumba: jinsi ya kununua kopa ya kweli Mtwara na Lindi

Pesa za korosho zikishaingia, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mtwara, Masasi na Lindi hujaa watu wenye karatasi ya fundi mkononi: bati, nondo, saruji, na chini kabisa, "waya roli 4". Bati mtu ataligusa, ataulizia geji, atazunguka maduka matatu. Waya ataununua kwa rangi ya gamba na bei. Nami nilinunua hivyohivyo nilipojenga Mikindani. Mwaka wa pili soketi ya birika ikaanza kunuka. Nilipoifungua nilikuta plastiki imebabuka, na ncha ya waya imetoa unga mweupe. Shaba, ndiyo hiyo kopa, haitoi unga mweupe; ikipigwa na hewa ya bahari hugeuka kahawia, kisha kijani. Nilikuwa nimeuziwa alumini iliyovishwa ngozi ya shaba, na nyaya za nyumba nzima zikavutwa upya. Ndiyo maana nakusihi usome hapa kabla hujalipa.

Ninavyozipanga mimi, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia, ni hivi.

1. Shaba tupu, saizi kamili, yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kwa nyaya za ndani ya ukuta hakuna mshindani. Katika metali zote, fedha peke yake ndiyo inayopitisha umeme vizuri kuliko shaba. Alumini hupitisha takriban asilimia 61 tu ya kile ambacho shaba ya unene uleule hupitisha. Chukua mfano wa birika la wati 2,000 lililo mita 20 kutoka kwenye meinswichi, kwa waya wa saizi ya 2.5. Waya wa shaba utapoteza kama wati 22 kwa joto njia nzima, kwenda na kurudi. Ule wa alumini iliyovishwa shaba utapoteza zaidi ya 30. Joto hilo linalipiwa Luku (mita ya kulipia umeme kabla), na linakaa ndani ya plasta yako. Kwa kawaida taa hutumia 1.5, soketi 2.5, na jiko au hita ya maji 4 kupanda juu kulingana na mzigo. Namba hizo ni milimita za mraba za metali yenyewe, si unene wa gamba.

Usishtuke ukikuta waya mweupe kwa nje lakini mwekundu ukiukata. Hiyo ni shaba iliyopakwa metali ya bati (tin), si bati la kuezekea, na kwa mtu wa boti au mwenye nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi, ni bora zaidi.

2. Shaba ya kweli iliyopunjwa unene. Gamba limeandikwa 2.5, ndani ni pungufu. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja unatakiwa uwe na kipenyo cha karibu milimita 1.78. Karakana yoyote yenye venia (kipimo cha unene) itakupimia kwa dakika moja. Ukiupata kwa bei ya haki, utumie kwenye taa tu.

3. Alumini nene, kwa nje. Alumini yenyewe haina kosa. Hata nyaya zinazopita juu ya nguzo ni za alumini, kwa sababu ni nyepesi. Kutoka kwenye nguzo hadi ukutani inafaa, mradi uongeze saizi (penye shaba ya 10, weka 16) na kiungio kiwe cha kukutanisha metali mbili. Ndani kwenye soketi, hapana. Alumini hujivika utando usiopitisha umeme, na ikibanwa na skrubu hulegea polepole kila inapopata moto na kupoa.

4. Alumini iliyovishwa shaba. Huu ndio ulionitia hasara. Kwa macho ni kopa kabisa. Ukikata ncha, metali mbili zinakuwa wazi ubavu kwa ubavu. Ongeza unyevu na chumvi ya pwani yetu, zinageuka betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Bei yake ya chini ni ya kweli, kwa sababu shaba iliyomo ni kidogo sana. Usiuweke ukutani hata ukipewa punguzo.

5. Chuma kilichovishwa shaba. Kwa nyaya za nyumba, usiuguse.

Sasa namna ya kuujua. Kwanza kwangua kwa kisu, uzame. Shaba ni nyekundu hadi kiini. Mwingine utang'aa mweupe. Pili, sogeza sumaku ya spika mbovu: shaba haivutwi, chuma huvutwa. Tatu, kunja na kukunjua ncha mara kadhaa. Shaba huvumilia, alumini iliyovishwa shaba hukatika mapema.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mizani, na mji wa korosho haukosi mizani. Shaba ina uzito zaidi ya mara 3 ya alumini kwa ujazo uleule. Roli ya mita 100 ya 2.5 ina shaba ya kilo 2.2 hivi, kabla hujahesabu plastiki. Ukiiweka nzima, na gamba lake, isifike kilo 2, mrudishie muuzaji bila kubishana. Hata kama ni roli fupi ya mita 91, bado shaba yake peke yake ingezidi hapo.

Ukiwa bado na shaka, nunua mita moja, umenye, umpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu umuulize atakupa bei ya kopa au ya alumini. Yeye hula kwa kazi hiyo, hadanganywi na rangi.

Vyote hivi ufanye wewe kabla fundi hajavuta waya hata mmoja, na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Mwambie mapema, kwa heshima, "Fundi, waya naununua mwenyewe." Mzuri atafurahi, kwa sababu soketi ikiungua lawama ni zake.

Mahali pamoja tu utakubali chuma chenye ngozi ya shaba: fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) inayopigwa ardhini. Pale chuma kinaipa nguvu ya kupenya bila kupinda, na shaba inazuia kutu. Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo iende chini hadi ifikie udongo wenye unyevu, na waya unaopanda kutoka hapo hadi kwenye meinswichi uwe shaba tupu.